Aliyepo Asiandikwe Hayupo

Ndugu msomaji, hivi karibuni nilisafiri kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kuhudhuria harusi ya jamaa yetu. Nilifuatana na mjukuu wangu wa kiume, kijana wa miaka 15. Kwa wale ambao hawajajaliwa kuipanda, treni hiyo ilianza kuchukua abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Viti vyake ni laini, mabehewa yana ubaridi wa mashine, na safari ambayo zamani ilikula usiku mzima sasa inakwisha kabla mtu hajaanza kulalamika.

Mjukuu wangu alikaa dirishani, vidude vya muziki vimo masikioni, macho yako juu ya simu. Kila nilipomsemesha alitikisa kichwa. Tangu tulipoondoka mpaka tulipopita Ruvu nilihesabu maneno yaliyotoka kinywani mwake, nikapata mawili, nayo yote mawili yalikuwa "eeh". Mama mmoja wa makamo aliyeketi mkabala nasi akanionea huruma. "Vijana wa siku hizi, baba," akasema, "wameharibiwa na simu."

Sikumjibu. Nilikuwa nikifikiri kwamba mwaka 1976 mimi nilikuwa bubu kuliko kijana huyu, na wakati huo nyumbani kwetu hapakuwa na simu hata moja ya kusingiziwa. Basi leo naomba radhi yako nikusimulie jinsi nilivyoupata ulimi wangu, na mzee aliyenipatia.

Tulikuwa tukikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na baraza mbele. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, zamu zake nyingi zikiwa za usiku; mama alichoma vitumbua na kuviuza alfajiri kwa watu waliokuwa wakiwahi kazini. Mimi nilikuwa kifungua mimba wao, nami nilikuwa na aibu ambayo haikuwa na mfano mtaani. Nikitumwa dukani kununua mafuta ya taa nilisimama kando na chupa yangu, nikingoja watu wapungue ndipo niseme. Watu wa Kariakoo hawapungui. Mara mbili nilirudi nyumbani usiku na chupa tupu, duka likiwa limefungwa mbele ya macho yangu.

Lakini la dukani lilikuwa dogo. Mwaka huo darasani kwetu alikuja mwalimu mpya aliyekuwa akiita majina pasipo kuinua macho kutoka katika daftari la mahudhurio. Aliyeitwa alipaswa kujibu "Nipo!" Neno lenyewe ni fupi, nalo halimshindi hata mtoto wa chekechea. Jina langu lilipoitwa neno hilo lilinipanda mpaka kooni, likakaa hapo kama mwiba wa samaki, na kabla halijatoka mwalimu alikuwa amekwisha andika "hayupo" na kuita jina la pili. Ikawa hivyo siku sita. Siku ya saba baba yangu aliitwa shuleni kujibu shtaka la utoro wa mwanawe. Aliketi mbele ya mwalimu mkuu, macho mekundu kwa usingizi wa zamu ya usiku, akaelezwa kwa masikitiko kwamba mtoto wake hajaonekana darasani kwa juma zima. Mtoto mwenyewe nilikuwa nimesimama mlangoni, daftari zenye kazi za juma hilo zi mkononi mwangu, na nilishindwa kusema kwamba nilikuwapo.

Jioni ile baba hakunipiga. Aliniangalia tu, akamwambia mama, "Huyu mtoto dunia itamla mchana kweupe, na hatapiga hata ukelele." Nilikuwa chumba cha pili nikasikia. Afadhali angenipiga.

Miezi michache baadaye chumba cha mbele kilipata mpangaji mpya. Alikuwa mzee mwembamba, mwenyeji wa Ujiji, aliyekuwa gadi wa treni katika Reli ya Kati tangu zama za Waingereza, naye amestaafu. Siku ya kwanza alishuka kwenye mkokoteni akiwa amevaa koti zito la reli, rangi ya buluu iliyokoza, limefungwa vifungo vyote mpaka kidevuni. Ulikuwa mwezi wa Februari. Wewe unayeijua Februari ya Dar es Salaam utaelewa kwa nini mtaa mzima ulitoka kutazama. Mzee hakulivua koti lile siku ile, wala siku zilizofuata.

Koti lilikuwa mwanzo tu. Mzee aliendesha maisha yake yote kwa ratiba ya treni. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alisimama kizingitini, akatazama saa yake ya mfukoni, akapuliza filimbi, akapunga bendera ya kijani, kisha ndipo akaondoka kwenda sokoni. Alipokuwa hataki wageni alitundika mlangoni bendera nyekundu, na ole wake aliyebisha hodi. Soko jipya la Kariakoo, lililofunguliwa Desemba 1975, aliliita "karakana". Choo cha uani alikiita "kituo kidogo, treni ya haraka haisimami". Watoto walimfuata nyuma wakijipanga kama mabehewa. Watu wazima walisema kwamba moshi wa treni umemwingia kichwani.

Mama yangu hakusema hivyo. Mama alimwona mzee asiye na mke wala mtoto hapa mjini, basi kila asubuhi alinipa sahani ya vitumbua nimpelekee. Asubuhi ya kwanza nilisimama mlangoni kwake, nikabisha kwa ukucha.

"Nani?" akauliza kutoka ndani.

Nikanyamaza.

"Abiria asiyejitaja hapandi," akasema.

Nikaendelea kusimama. Vitumbua vikapoa. Mwishowe mlango ukafunguliwa, mzee akatokea na koti lake, akaitazama saa. "Umechelewa dakika tisa," akasema. "Na hujafika bado."

Siku ya tano nilifaulu kunong'ona, "Shikamoo babu, ni mimi wa chumba cha tatu." Akaitikia marahaba, akaipokea sahani kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea mzigo wa serikali, akasema, "Sasa umefika." Tangu hapo akaniita Abiria.

Mchana, nilipotoka shule, alikuwa akikaa barazani na bao lake. Aliniita nicheze naye. Kwake hapakuwa na haja ya maneno mengi, nami nikakubali. Ndugu msomaji, huenda unalifahamu bao la Kiswahili kuliko mimi: mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, kila mchezaji 32. Mchezo unapoanza kila mmoja huweka kete 10 tu ubaoni, sita nyumbani na nne pembeni yake, mbili mbili. Zile 22 hubaki mkononi, na katika namua huingizwa moja moja. Zikiisha ndipo mtaji huanza.

Mimi nilikuwa na tabia ya kuishika kete na kuifikiria mpaka ikalowa jasho. Siku moja mzee akanikamata kifundo cha mkono. "Abiria," akasema, "kete iliyo mkononi haili wala hailiwi. Ukiiogopa kuitia, hutafungwa, lakini pia hujacheza. Nimekusikia huko shuleni kwenu wakikuandika hayupo. Maneno yako yote umeyashika mkononi."

Kisha akaweka sharti. Atakayefungwa atasimama kwenye ukingo wa baraza na kuita vituo vya Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mtaa. Nilidhani ni mzaha. Nikafungwa. Mzee akatoa bendera ya kijani mfukoni mwa koti, akaiinua polepole, akangoja.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Muuza kahawa alipita na kurudi. Hatimaye nikanong'ona, "Dar es Salaam." Mzee akaweka mkono sikioni. "Abiria wa behewa la nyuma hawakusikia." Nikarudia. Siku ile tulifika Soga, na mzee akatangaza kwamba treni imeharibika, tutaendelea kesho.

Kwa kuwa nilifungwa kila siku, nilisafiri kila siku. Kwanza nilifika Ruvu, kisha Ngerengere, kisha Morogoro. Reli hiyo, waliyoanza kuijenga Wajerumani mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina zaidi ya kilomita 1,200, nami niliipita yote kwa mdomo nikiwa nimesimama Mtaa wa Sikukuu: Kimamba, Kilosa, Kidete, Gulwe, Dodoma, Bahi, Saranda, Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Mzee alinifundisha pia habari za kila kituo: jinsi njia inavyoandamana na mto baada ya Kilosa, na mto unavyoila njia masika; jinsi usiku wa Manyoni na Itigi unavyomtafuna gadi aliyesimama mlangoni, hata koti zito likawa jepesi. Baada ya miezi miwili watoto wa mtaa walikuwa wakiitikia kila kituo kwa mlio wa treni. Wazee waliokuja kucheka wakabaki kusikiliza. Aliyekuwa akiona aibu kununua mafuta ya taa sasa alikuwa akisikika mpaka msikitini. Ajabu ni kwamba vituo niliweza kuviita, lakini neno langu mwenyewe bado halikutoka. Shuleni sasa niliitika kwa kuinua mkono, na mwalimu, kwa bahati, alikuwa amejifunza kuinua macho.

Ndipo mambo yalipoharibika kwa mzee. Malipo yake ya uzeeni hayakuja mwezi mmoja, hayakuja wa pili, hayakuja wa tatu. Bendera nyekundu ikawa haiondoki mlangoni. Filimbi ya asubuhi ikanyamaza. Mama alianza kumpelekea chakula kamili akisingizia kwamba amepika kwa makosa kingi mno, na mzee alikula akisingizia kwamba anamsaidia mama kisichacha. Mama mwenye nyumba, naye hakuwa mtu mbaya, alimpa mpaka mwisho wa mwezi. Nilimsikia mzee akimwambia baba, "Nimewasafirisha watu kwenda Kigoma miaka yote hiyo, na leo mimi mwenyewe sina nauli ya kurudi kwetu."

Jumatatu moja ya likizo akaniita. Shavu lake alikuwa amelifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Akanionyesha kwa ishara kwamba jino linamuuma na hawezi kusema, kisha akaniashiria nimfuate. Tukaenda mjini, kwenye ofisi ya malipo ambayo jina lake halitatufaidia kitu. Tulipanga foleni tangu saa mbili hadi saa tano. Tulipofika dirishani karani akapokea karatasi ya mzee pasipo kuinua macho, akaenda, akarudi na faili.

"Mwenye jina hili amefariki," akasema. "Poleni sana kwa msiba."

Alimwambia hivyo mzee mwenyewe.

Mzee akanigeukia. Na mimi, ndugu msomaji, nikasikia ule mwiba wa samaki ukinipanda kooni. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Karani akasema, "Anayefuata." Watu wa nyuma wakaanza kusukuma. Nilimwona mzee amesimama na koti lake katikati ya watu, ameandikwa hayupo, na sikuwa na hata neno moja la kumpa.

Mzee akatia mkono mfukoni. Akatoa bendera ya kijani. Akaiinua polepole, akangoja.

Watu wakacheka. Lakini mimi miguu yangu ilikwisha zoea, na koo langu pia. "Dar es Salaam!" nikaita. "Pugu! Soga! Ruvu! Ngerengere!" Ofisi nzima ikanyamaza. Mashine za kupiga chapa zikasimama. Karani akainua macho kwa mara ya kwanza, akamwona kijana aliyevaa kaptula ya shule na mzee aliyefungwa shavu akipunga bendera. "Morogoro!" nikaita, na hapo, sauti ikiwa imekwisha toka na njia i wazi, nikaitumia kwa jambo langu.

"Ndugu karani," nikasema, "huyu unayemwambia pole ndiye mwenye jina. Yupo. Alikuwa gadi wa Reli ya Kati, na kila asubuhi mama yangu anampa vitumbua, na maiti hali vitumbua. Tafadhali mtazame."

Karani akasema kwamba hawezi kuandika vitumbua katika faili. Anataka namba ya kazi. Sikuijua. Mzee akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, tangu kidevuni. Nilikuwa sijapata kumwona akifanya hivyo. Upande wa ndani, mahali pa moyo, palikuwa na namba iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, mshono mdogo mdogo wa mkono wa mwanamke. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mkewe ndiye aliyeishona, ili koti lisije likachukuliwa na gadi mwingine huko safarini. Naye mkewe alikuwa amefariki miaka mingi. Mtaa mzima tulicheka koti lile, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Nikaisoma namba ile kwa sauti. Karani mkuu, mzee mwenye miwani, alikuwa ametoka chumba cha ndani kutazama kelele ni za nini. Akaisikia, akaliomba faili, akasema haiafikiani. Baada ya nusu saa wakaleta faili la pili. Walikuwa watu wawili wenye jina moja. Mmoja amefariki, wakamfungia malipo aliye hai. Mzee akarudishiwa haki yake pamoja na miezi iliyopita.

Tulipotoka nje tulikuta muuza mihogo ng'ambo ya barabara. Mzee akatia vidole viwili chini ya kitambaa, akakivuta kutoka shavuni, akaita kwa sauti ya gadi wa treni, "We kijana wa mihogo! Leta miwili, pilipili nyingi!"

Nikamtazama. "Babu, na jino?"

"Meno yangu yaling'olewa Tabora mwaka 1958," akasema. "Mimi nilikwisha kuja hapa mara mbili nikasema mpaka nikachoka. Wamezoea kutomsikia mzee. Nilihitaji sauti mpya." Akatafuna kwa ufizi, kisha akaongeza, "Na sauti yenyewe ilihitaji kazi."

Jioni ile baba alisimuliwa habari yote na mzee, kwa kuwa mimi niliona aibu kuisimulia. Baba alicheka mpaka akakalia ngazi. Kisha akanipa chupa na senti za mafuta ya taa, akasema, "Nenda, Gadi." Nikaenda, nikarudi nayo imejaa, na jua lilikuwa halijazama.

Mzee alirudi kwao Ujiji mwaka 1979, kwa nauli yake mwenyewe. Nilimsindikiza stesheni. Kupitia dirishani akanipa ile bendera ya kijani, na mimi nikaiinua, nikaviita vituo vyote hadi Kigoma huku treni ikiondoka, watu wakidhani nina wazimu. Habari za kifo chake zilitufikia kwa barua mwaka 1983.

Sikuwa mtangazaji wa redio wala mtu wa majukwaa. Nilikuwa karani. Kwa miaka 31 niliketi nyuma ya dirisha kama lile, na siwezi kujisifu kwa mengi, ila hili moja: sikumjibu mtu kabla sijainua macho kumtazama. Aibu yenyewe ningali ninayo. Haikutoka, ilijifunza tu kungoja nyuma mpaka kazi imalizike.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri pale kwenye treni ya umeme, kipaza sauti kilipotangaza Kilosa. Sisi wazazi, kijana akinyamaza, humhubiria. Tunamwambia jikaze, changamka, wenzako mbona wanasema. Kadiri tunavyomhubiria ndivyo anavyojificha. Yule mzee hakunihubiria hata siku moja. Alinipa kazi iliyohitaji sauti, akangoja, na siku ilipofika akanifanya nione kwamba pasipo mimi yeye hayupo. Kijana hupata ulimi pale anapohitajiwa na mtu.

Nikamgusa mjukuu wangu begani. Akatoa kidude kimoja sikioni.

"Babu yako haoni vizuri," nikamwambia. "Nenda kwa yule dada wa treni, umuulize tutafika Dodoma saa ngapi, na kama kuna mtu wa kutusaidia mizigo."

Akaniangalia kwa hofu ninayoijua sana. Akatazama njia ya katikati ya behewa, ndefu, imejaa watu. Akainuka, akaketi, akainuka tena, akaenda. Yule mama wa makamo akanong'ona, "Kumbe macho yanakusumbua, baba? Pole."

Nikamshukuru. Miwani yangu ilikuwa mfukoni.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.